Kabla Nyumba Haijapanda Lori

Alfajiri, kabla tuktuk hazijaanza kugombania nafasi kwenye mzunguko wa Makupa, malori yatokayo bandari ya Kilindini hupita moja baada ya jingine yakielekea Changamwe. Mizigo yao yote hufanana: mabati ya mikunjo, rangi iliyobabuka kwa chumvi, herufi na nambari ubavuni. Kisha mara moja moja hupita kontena lenye dirisha. Lina grili, lina mlango wa mbao uliofungwa kufuli, na nyuma limechomoza kipande cha bomba la maji lililokatwa kwa haraka. Hiyo si shehena ya bandari. Ni nyumba ya mtu inahama.

Zile nyumba za magurudumu ambazo Wamarekani huzivuta kutoka jimbo moja hadi jingine hazipo Mombasa. Nyumba inayohama hapa ni kontena. Mwaka 2024 bandari ilihudumia makontena zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, na yale yanayochoka na safari za bahari hupata kazi nyingine nchi kavu. Fundi wa kuchomelea huyakata, yakawa duka la M-Pesa, ofisi, mkahawa, chumba cha mlinzi, na siku hizi nyumba kamili yenye choo na jiko. Mtu wa pwani haoni ugeni mkubwa ndani yake. Upana wa ndani ni kama mita 2.35, si mdogo sana kuliko upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale, ambavyo viliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari.

Taabu huja siku ya kuhama. Kodi ya kiwanja imepanda, au notisi imebandikwa kwamba kibanda kimesimama kwenye hifadhi ya barabara, na mwenye nyumba anamtafuta mtu mwenye lori. Wanakubaliana bei, wanapeana siku, mambo yameisha. Dereva amebeba makontena maisha yake yote, na hili nalo analiona kontena kama mengine. Hapo ndipo hatari inapozaliwa. Kontena lilibuniwa lisafiri, lakini siku fundi alipokata dirisha la kwanza lilipoteza sehemu ya nguvu zake, na yeyote anayeligusa baada ya siku hiyo, awe fundi, dereva au mwenye kreni, anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Pima kwanza, patana bei baadaye

Kontena la kawaida la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. La futi 40 lina upana na kimo hichohicho, ila urefu wake ni mita 12.19. Yapo pia yale marefu kwenda juu, yenye kimo cha mita 2.90, na hayo ndiyo yanayopendwa kwa makazi kwa sababu joto hupanda juu likamwachia mtu nafasi ya kupumua. Trela la kawaida lina sakafu iliyo kama mita 1.5 kutoka ardhini. Jumlisha: kontena la kawaida juu ya trela hilo hufika mita 4.1, na lile refu hufika 4.4. Ukiongeza kiyoyozi, tangi la maji au paa la mabati lililochomelewa juu ili kupunguza jua, umeshavuka kimo ambacho dereva amekizoea, naye hana habari.

Upande wa upana, adui ni vitu vilivyoongezwa: kibaraza cha chuma, kivuli cha dirisha, fremu ya bango. Vyote vitolewe kabla ya safari. Sentimita 20 zilizochomoza upande wa kushoto zinatosha kumkumba mwendesha bodaboda aliyebana ukingoni.

Uzito nao huwadanganya wengi. Kontena tupu la futi 20 lina tani 2.2 hadi 2.4, na la futi 40 lina tani 3.7 hadi 4 hivi. Hesabu hiyo ni ya bati na sakafu ya mbao tu. Fundi akimwaga zege la sentimita 5 kwenye sakafu ya kontena la futi 20 ili abandike vigae, ameongeza zaidi ya tani moja na nusu. Tangi la lita 1,000 likisahaulika na maji yake ni tani nyingine, na mbaya zaidi ni tani inayocheza huku na huku kila lori linapokata kona. Andika orodha ya kila kilichoongezwa, mpe nakala mwenye kreni na mwenye lori. Maji yote yamwagwe, mitungi ya gesi itolewe, vioo vya madirisha vishushwe vifungwe kwenye magodoro.

Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha gari lifaalo. Lori dogo aina ya Canter lina kitanda kifupi kuliko kontena la futi 20. Likibebeshwa, mkia wa nyumba huning'inia nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani hauitikii vizuri. Bei yake ni nafuu, na ndiyo maana watu hulichukua. Dai trela lenye urefu wa kutosha, na kwa kontena refu dai lile lenye sakafu ya chini.

Chuma kilichokatwa

Nguvu ya kontena imo katika nguzo nne za kona, mihimili ya juu na ya chini, na zile kuta za bati la mikunjo zinazoizuia fremu isipinde. Kwenye mlango, makontena mengi huwa na kibao cha chuma kinachothibitisha usalama wake chini ya mkataba wa kimataifa wa 1972. Ukuta ukishakatwa, kibao kile hakisemi tena kweli. Kontena la futi 40 lililofunguliwa ubavu mzima ili kupata sebule linaweza kulegea katikati linapoinuliwa kwa pembe zake: sakafu inabonyea, vigae vinapasuka kimoja kimoja, na mlango hauingii tena kwenye fremu.

Siku kadhaa kabla ya kuhama, mwite fundi wa kuchomelea. Kila tundu kubwa la mlango au dirisha linapaswa kuwa na fremu ya chuma cha mraba iliyochomelewa pande zote nne. Tundu lisilo na fremu, au ubavu ulio wazi, uwekewe mihimili ya muda ya kukatiza mshazari, nayo itolewe baada ya kufika. Kisha mwombe nyundo ndogo, uzunguke naye kwenye vile vichuma vya pembe vyenye matundu, mahali kreni itakapoingiza ndoano. Hewa ya Mombasa haina huruma na chuma. Nyundo ikilia kwa sauti kali kama kengele, chuma ni kizima. Sauti ikiwa bubu na magamba ya kutu yakadondoka, usikubali nyumba iinuliwe kwa pembe ile. Itafutiwe njia ya kuinuliwa kutoka chini.

Namna ya kuinua ni muhimu kama chuma chenyewe. Minyororo mifupi iliyofungwa pembe za juu ikakutana kwenye ndoano moja hulala chini, na kadiri inavyolala ndivyo mzigo wake unavyokua. Mnyororo au mkanda uliolala kwa pembe ya digrii 30 kutoka usawa hubeba mara mbili ya fungu lake, na wakati huohuo huvuta mihimili ya juu ya kontena kuelekea ndani kama mtu anayeminya kopo. Uliza kama kreni ina boriti ya kunyanyulia, ambayo huifanya mikanda ishuke wima. Kama haina, minyororo iwe mirefu.

Miguu ya kreni nayo isiwekwe popote penye nafasi. Wakati wa masika udongo huwa laini, na katika viwanja vingi vya kisiwani chini yake kuna shimo la maji taka au kisima cha zamani kilichofunikwa bila alama. Waulize majirani wazee, kisha utandike mbao nene chini ya kila mguu.

Itembelee njia kwa miguu

Tarehe 21 Februari 2021, mjini San Francisco, Marekani, nyumba ya mbao yenye umri wa miaka 139 ilihamishwa mitaa sita tu. Ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, miti ikiwa imeshapunguzwa matawi, na taa na mita za kuegeshea magari zikiwa zimeondolewa njiani. Maandalizi yalichukua miaka. Mwenye kontena la futi 20 hahitaji miaka, ila anahitaji asubuhi moja, daftari na kipimo.

Tembea njia yote ya ndani ya kisiwa, kuanzia kiwanjani hadi barabara kuu. Andika kila waya unaokatiza, kila tawi la mwarobaini, kila bango, kila tuta, kila kona ambayo lori lazima lipinde kwa kupanda ukingo. Usidhani waya wa jana upo palepale leo. Nguzo huinama, na nyaya za intaneti huongezwa kila mwezi chini ya zile za umeme. Pima ukiwa chini kwa kipimo cha leza, na usimruhusu mtu kuinua bomba au fimbo ya chuma kuelekea nyaya. Kwenye Moi Avenue, zile pembe za ndovu za bati, ambazo kila mgeni huzipiga picha, ziko juu ya barabara kama lango, na mzigo mrefu usipitishwe hapo kwa kukisia.

Kuhusu Mji wa Kale, jibu ni fupi: lori lenye nyumba lisiingie. Ndia Kuu na vichochoro vya Kibokoni vilijengwa kwa ajili ya miguu, punda na mikokoteni. Juu zimechomoza roshani za mbao zenye nakshi, chini zimekaa baraza za mawe ambazo watu huketi. Lori likikwama kati ya viwili hivyo haliwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na magari ya zimamoto hayatapita. Eneo lile linalindwa kisheria kama urithi, na roshani moja iliyong'olewa hairudishwi kwa kulipa faini. Anayetaka chumba cha ziada katika ua wake wa Mji wa Kale achague nyumba ya vipande: kuta, sakafu na paa zinazofunguliwa kwa bolti. Lori lishushe Makadara au Digo Road, mahamali wamalizie kwa mkokoteni. Ndivyo mji ule ulivyojengwa tangu mwanzo, boriti moja moja kutoka jahazini.

Milango ya kisiwa

Mombasa ni kisiwa, na nyumba inayotoka lazima ipite kwenye mmoja wa milango michache. Kila mlango una hatari yake.

Magharibi kuna Makupa, ambako daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2022. Barabara ni pana, lakini unaingia katikati ya malori ya bandari, na kutoka Kibarani kwenda Changamwe kuna mwinuko. Breki na injini zijulikane hali zake kabla ya hapo. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori lililobeba kontena lilishindwa kudhibitiwa, likaparamia magari, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Anayekodi lori ana haki ya kuuliza lilikaguliwa lini, na ana wajibu wa kulikataa lisiloeleweka.

Kaskazini kuna daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea la 1931. Hatari yake ni upepo. Ubavu wa kontena la futi 40 una zaidi ya mita 31 za mraba, na hilo ni tanga la jahazi lililowekwa juu ya magurudumu. Upepo wa kilomita 70 kwa saa ukilipiga ubavuni hulisukuma kwa nguvu inayokaribia tani moja, ilhali nyumba yenyewe ni nyepesi. Miezi ya kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, angalia utabiri. Upepo ukivuma kwa kishindo, subiri. Wanaoendelea hadi Mtwapa na Kilifi watakutana na madaraja mengine mawili yaliyo wazi juu ya vijito vya bahari.

Kusini kuna Likoni. Feri huinama na kuinuka na maji, na wakati wa bamvu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa hupita mita 3. Maji yakipwa, gati huwa na mteremko mkali, na trela refu linaweza kugusa tumbo likakwama, mamia ya abiria wakiwa mbele na nyuma yake. Isitoshe, kivuko kile kina kumbukumbu nzito. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza kutoka nyuma ya feri MV Harambee likazama na mama na binti yake mdogo. Liliopolewa baada ya siku 12, kutoka kina cha mita 58. Kama gari dogo liliweza kuteleza, nyumba juu ya trela haina kinga. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu inayotoka Miritini hadi Kwale bila kuvuka kwa feri, na mwenye nyumba anayekwenda Ukunda au Diani aitumie hiyo. Mzunguko ni mrefu na mafuta yatazidi, lakini magurudumu hayataondoka kwenye lami.

Karatasi

Barabara kuu ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, nyingi za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na nyingine ni za kaunti. Mzigo unaozidi vipimo vya kawaida kwa upana, urefu au kimo huhitaji kibali maalumu cha mzigo usio wa kawaida, nacho hutaja njia, saa na masharti ya msafara. Kisomwe chote, kisha dereva awe nacho ndani ya gari. Anayepanda bara atapita mizani ya Mariakani, ambako uzito wa kila ekseli hupimwa kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013.

Beba pia risiti ya ununuzi na hati ya forodha inayoonyesha kwamba kontena liliuzwa humu nchini kihalali. Polisi wakilisimamisha kontena barabarani, hilo ndilo swali la kwanza. Kuhusu bima, usitulizwe na cheti cha bima ya lori. Bima ya lazima ni ya watu wengine wanaoumizwa na gari. Nyumba yako iliyo mgongoni mwake haimo. Iombee bima ya mzigo wa safarini, na ueleze kwa maandishi kwamba kontena limekatwa. Mwisho, hakikisha kaunti unayohamia imekubali jengo lisimame kwenye kiwanja hicho. Nyumba iliyofika ikakataliwa italazimika kusafiri tena.

Siku yenyewe

Trela la makontena lina komeo nne za kusokota zinazoingia kwenye matundu ya pembe za chini. Komeo iliyoingia bila kusokotwa inaonekana kwa mbali kama iliyofungwa. Zunguka na dereva, shika kila mkono wa komeo, uone umegeuka hadi mwisho. Kama trela halina komeo, nyumba ifungwe kwa minyororo na vikazio kutoka pembe zote nne, na kamba za manila zibaki kufungia magodoro. Baada ya kilomita chache za kwanza lori lisimame pahali salama, vifungo vikazwe upya, kwa sababu mzigo huwa umeshakaa sawa na minyororo imelegea.

Asipande mtu ndani. Jamaa watataka kwenda na vyombo vyao, vijana watataka kushikilia kabati lisianguke. Kataa. Wala asikae mtu juu ya paa.

Hilo la paa ni la kusisitizwa. Barabara zetu zimezoea kumwona utingo juu ya kontena na ubao mkononi, akiinua nyaya ili lori lipite chini. Mikono yake ina jasho, bati analokanyaga limeunganika na gari zima, na ubao umelowa umande. Waya mmoja wa umeme uliochubuka unatosha. Penye waya wa chini, lori lisimame na Kenya Power waitwe wauinue au wakate umeme. Kusubiri saa tatu ni usumbufu wa kawaida.

Waya ukishagusa nyumba, dereva abaki ndani ya kabini na watu wote wakae mbali hadi umeme ukatwe. Moto ukimlazimisha kutoka, aruke kwa miguu miwili pamoja bila kushika gari huku akikanyaga ardhi, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburura nyayo. Nambari za dharura ni 999 na 112. Nyumba ikiinama au kuanguka njiani, kazi ya kwanza ni kuwazuia wanaokimbilia kuisukuma.

Gari dogo la kusindikiza litangulie, na jingine lifuate. Lile la nyuma ndilo linalozuia tuktuk zisijipenyeze kwenye nafasi inayoachwa wazi lori linapopinda, kwa sababu mkia wa trela refu hukata kona kwa ndani na dereva hamwoni aliyeko hapo. Kwenye matuta mwendo uwe wa kutambaa.

Kiwanjani, kabla nyumba haijashushwa, matofali au nguzo za zege ziwe tayari chini ya pembe zote nne, zimepimwa kwa pimamaji. Kreni ishushe taratibu, lakini mikanda isifunguliwe bado. Fungua mlango wa mbao, ufunge, ufungue tena. Ukijifunga kwa wepesi, fremu imekaa sawa. Ukikwaruza juu kwenye kona, pembe moja iko chini kuliko nyingine. Mwambie mwenye kreni ainue tena upande huo, ongeza kipande cha bati juu ya tofali, ujaribu mlango upya. Mlipe na umruhusu aondoke baada ya mlango kukubali.